Nusu Ubeti kwa Steinvör

8 Julai 1912, Jumatatu

Leo nimeanza kuandika, na sababu yenyewe ni Ísleifur. Jana nje ya kanisa alisimama akawatangazia watu kwamba kila siku anaandika hali ya hewa na kazi aliyofanya, ili wajukuu zake waje wasome wajue babu yao alikuwa mtu wa namna gani. Huyu ni Ísleifur ambaye hata kuku wake hawamsikii. Nikasema moyoni, kama watoto wa kesho watasoma habari za kijiji chetu cha Hvammur, wasije wakadhani huku aliishi Ísleifur peke yake.

Mimi ni Brandur Eiríksson. Shule sikuikanyaga. Herufi alinifundisha mama kwa kijiti kwenye majivu ya jikoni, kule Iceland, kabla hatujavuka bahari kuja huku, na nilizishika zote kabla uji haujaiva. Mwandiko wangu una miguu mirefu lakini unatembea. Nina miaka sabini na moja, meno yangu mengi bado yapo, na kuanzia Ziwa mpaka relini hakuna anayenifikia kwa kukata nyasi kwa mundu mrefu, ule wa kushikwa kwa mikono miwili. Hayo si majigambo. Nayaandika kama ninavyoandika kwamba leo kuna upepo.

Leo kuna upepo.

9 Julai

Mvua. Mbu. Ng'ombe wamesimama ndani ya moshi wa samadi tunayochoma kufukuza mbu, nami nikaenda kusimama nao.

12 Julai

Ísleifur ameleta mashine ya kukatia nyasi. Imekuja kwa treni kutoka Winnipeg, nyekundu kama pua yake, inavutwa na farasi wawili na inalia kama sufuria zinazogombana. Amepita nayo hapa kwetu makusudi, ingawa hapa si njia ya kwake. Akasema asubuhi moja inamaliza konde ambalo mtu mwenye mundu atalihangaikia wiki nzima.

Nikamuuliza, mtu gani?

Akasema, mtu yeyote.

Nikamwambia, hapo ndipo ulipopotea. Binti yangu Gróa alikuwa mlangoni, akaingia ndani haraka. Nadhani alikwenda kucheka, sijui alimcheka nani.

16 Julai

Nimekwenda kwa Steinvör Ketilsdóttir kumrudishia ndoo yake. Ndoo nilikuwa nimeiazima ili nipate kitu cha kurudisha.

Steinvör ni mjane. Ana ng'ombe watatu, kondoo wachache, na konde la nyasi kando ya Ziwa. Kwa kutunga beti hakuna anayemfikia hapa, ukiniondoa mimi. Hata mke wangu Una, aliyelala nyuma ya kanisa miaka tisa sasa, alikuwa akisema ulimi wa Steinvör ungeweza kunyoa kondoo.

Alinipa kahawa. Yeye hunywa kama mama zetu walivyokunywa, anabana donge la sukari kwa meno ya mbele na kuipitisha kahawa humo polepole, huku anakutazama. Akaigeuza ile ndoo, akatazama chini yake, akauliza ni nani aliyeisugua hivi. Nikasema ni mimi. Akasema mwanamume anayesugua ndoo mpaka ing'ae ana jambo. Nikaanza habari za mvua.

Nimerudi nyumbani bila kusema lililonipeleka. Lakini kahawa ilikuwa nzuri.

17 Julai

Mvua.

24 Julai

Jua. Nimekata konde letu la nyuma tangu umande haujakauka mpaka chakula cha mchana. Helgi, mume wa Gróa, alikuwa nyuma yangu na reki akaniomba nipunguze mwendo. Ana miaka thelathini na nne.

Gróa anaoka ile keki ya tabaka saba, ya plamu na iliki, kwa ajili ya Siku ya Agosti, sikukuu yetu sisi tuliotoka Iceland. Nikakata pembe kidogo kuonja. Ngumu kama ubao wa paa. Akanipiga mkononi kwa mwiko, akasema, "Baba, wewe umezaliwa juzi? Si unajua hii inakaa wiki ndipo ilainike." Najua sana. Nilikuwa nahakikisha.

29 Julai

Naandika jambo zito, kwa hiyo nimechonga kalamu upya.

Hapa kwetu mtu hutupa nusu ya ubeti, mistari miwili, na aliyetupiwa humalizia mistari miwili yenye vina vile vile. Akishindwa, watu wanamcheka mpaka theluji inaanguka. Huo ni mchezo. Lakini mwanamume asiye na mke akimtupia mwanamke asiye na mume, mbele za watu, huo si mchezo tena. Mwanamke akimalizia, amekubali. Baba yangu alimpata mama hivyo, kwenye zizi, siku ya kutenganisha kondoo waliotoka mlimani, na mama alijibu huku amemshika dume kwa pembe.

Ijumaa ni Siku ya Agosti. Watu wote watakuwepo. Nimetunga. Nimemwimbia ng'ombe wetu Skjalda, akaacha kutafuna. Huyu haachi kutafuna hata akipita kasisi.

2 Agosti, Ijumaa

Naandika yote, ya mbele na ya nyuma.

Asubuhi kulikuwa na hotuba. Mtu wa Winnipeg mwenye kola ngumu alisema sisi ni taifa la washairi na mashujaa. Watu waligeuka kunitazama, au walitazama bendera iliyokuwa nyuma yangu, kwangu ni mamoja. Kisha vijana wakavutana kamba, wakapigana mieleka ya kushikana mikanda. Kisha ikawa kahawa. Chama cha Wanawake kiliweka hema, na Steinvör alisimama mezani na birika kubwa mkononi, amevaa kile kikofia cheusi chenye kishada kirefu. Foleni ilifika mpaka kwenye farasi.

Nilipofika mbele yake sikunyoosha kikombe. Nilivua kofia, nikapaza sauti mpaka wazee waliokuwa kwenye mabenchi wakanyamaza:

Mundu wangu ukiimba
nyasi zote huinama

Nikasema, "Steinvör Ketilsdóttir, malizia."

Hata watoto walielewa. Kasisi alisimama na kipande cha keki njiani kuelekea mdomoni. Nikamwona Steinvör akinitazama, na midomo yake ikisogea kidogo, maana vina alikuwa navyo, mtu kama yule hakosi vina. Kisha akainamisha birika akanijazia kikombe ambacho nilikuwa hata sijakinyoosha, akasema:

"Unazuia foleni, Brandur."

Akammiminia aliyekuwa nyuma yangu. Naye alikuwa nani, kama si Ísleifur.

Nimekunywa kahawa ile nimesimama. Sikuiacha hata tone, wasije wakasema nimeshtuka.

3 Agosti

Mvua. Jibu hakuna.

4 Agosti

Kanisani alikaa benchi la mbele, mimi la nyuma. Niliona kisogo chake tu. Kisogo hakikusema kitu.

6 Agosti

Nimefikiri sana na nimeelewa. Ubeti wangu ulikuwa mzuri mno. Anatafuta mistari ya kulingana nao, na hiyo haipatikani kwa siku nne. Nimpe muda.

7 Agosti

Mvua. Ninampa muda.

10 Agosti

Nimekwenda dukani kununua misumari. Pale karibu na jiko walikuwa wamekaa watu watano na Ísleifur katikati. Nilipoingia wote wakageuka kutazama jiko. Ísleifur akakohoa, akasema kwa vile aliyetupiwa ubeti anachelewa kujibu, yeye amejaribu kunisaidia. Akaimba:

Brandur kazi kujigamba,
jibu lake limezama.

Walicheka mpaka mwenye duka akaketi kwenye pipa. Nikamwambia Ísleifur mistari yake inachechemea kama farasi wake wa kushoto. Nikalipa misumari nikatoka. Ukweli ni kwamba haichechemei. Nimeihesabu njia nzima na imekaa sawasawa, na hilo ndilo lililoniuma.

11 Agosti

Watoto wanaiimba kwenye njia ya kanisani. Mmoja ni mjukuu wa dada yangu.

14 Agosti

Jua leo. Ísleifur yuko kwenye konde la Steinvör na mashine yake. Nimeona kutoka juu ya paa letu, nilipokuwa natengeneza kitu. Alikuwa anazunguka ukingo wa juu, pale pakavu, na yeye Steinvör akamletea kahawa mara mbili. Mara mbili.

Gróa akaniuliza kule paani natengeneza nini. Nikasema paa. Akasema, "Nyundo umeisahau huku chini, baba." Nikasema natengeneza kwa macho kwanza.

Kwa hiyo ndiyo hayo. Anataka mashine.

15 Agosti

Mvua. Jibu hakuna. Nimenoa mundu, ingawa haukuwa butu.

18 Agosti

Mvua siku tatu. Helgi anasema nimekuwa na uso kama buti lililoachwa nje. Nikamwambia ajishughulishe na kondoo.

20 Agosti

Upepo umegeuka. Sasa unatoka kaskazini na una nguvu. Asiyekaa hapa hajui maana yake. Ziwa ni refu, na upepo wa kaskazini ukivuma siku mbili maji yote husukumwa huku kwetu kusini, yakapanda makondeni hata kama mbingu ni nyeupe. Konde la Steinvör ndilo la chini kuliko yote, na nusu yake bado imesimama. Wasipoitoa kesho, itakuwa chakula cha bata.

21 Agosti, Jumatano. Nimeandika tarehe 24, maana siku zenyewe sikuweza kukaa

Asubuhi nilisema siendi. Ana Ísleifur, ana mashine, Brandur wa nini. Gróa hakubishana nami, alinifungia mkate na samaki mkavu kwenye kitambaa akaning'iniza mundu wangu mlangoni, mahali ambapo siwezi kutoka bila kuugonga kwa kichwa. Nikatoka. Nikaugonga. Nikauchukua.

Nilipofika ukingoni niliona jambo ambalo nitalikumbuka hata nikifa. Ile mashine nyekundu ilikuwa imezama kwenye matope meusi mpaka magurudumu hayaonekani, farasi wamefunguliwa wamesimama pembeni, na Ísleifur yuko ndani ya tope mpaka mapajani akiisukuma na kuisemesha. Nilikuwa na maneno saba mazuri tayari. Kisha nikaona maji. Yalikuwa yanakuja kati ya nyasi bila sauti, yanang'aa, na Steinvör alikuwa mbele yake na reki, anavuta zile zilizokatwa jana kuzipandisha juu, peke yake. Sikusema hata neno moja kati ya saba.

Nikavua koti nikaanza pale maji yalipokaribia. Mundu mrefu hauzami. Mtu mwenye mundu akisimama kwenye tope, anasimama kwenye tope na anakata. Helgi na Gróa walikuwa wamenifuata, nikawaambia wakusanye nyuma yangu, na Ísleifur akaiacha mashine yake akaleta gari la nyasi na wale farasi. Alifanya kazi, siwezi kusema hakufanya. Mimi nilikata. Nataka iandikwe kwamba nilikata tangu asubuhi mpaka jua limepita kichwani, na kila nilipopita nyasi zililala safu moja kama zimechanwa kwa kitana. Gróa alikuja mara mbili kuniambia nipumzike, nikamwambia baadaye. Mara ya tatu alikuja Helgi. Nikamwambia amwambie Gróa baadaye.

Zikabaki safu chache tu karibu na kijito. Nikazungusha mundu, na mgongo wangu ukasema kwa sauti. Ninasema kweli, niliusikia. Nikaanguka chali juu ya nyasi mbichi nilizokata mwenyewe, na sikuweza kusogeza kitu ila macho. Wenzangu walikuwa upande wa pili wakipakia gari. Mbu walikuja wote. Waliitana.

Aliyenikuta ni Steinvör. Akasimama juu yangu akaziba jua.

"Brandur, umekufa?"

Nikasema bado, natazama mawingu.

"Yakoje?"

"Yapo."

Akatazama jinsi nilivyolala, akaelewa. Akawapungia mkono wenzetu walete gari huku likishatua mzigo. Kisha akaketi karibu yangu kwenye rundo, akatoa chupa ya kahawa aliyoivika soksi ya sufu isipoe. Akanitia donge la sukari mdomoni kama mtu anavyomlisha mwanakondoo, akaniinua kichwa, akaninywesha. Nilidhani aibu itaniua kabla ya mgongo. Akachukua kofia yangu akawa ananipungia mbu.

Kwa kuwa sikuweza kukimbia, nikauliza. Nikasema, "Steinvör, mbona hukunijibu?"

"Ulisema nini siku ile? Hebu rudia."

Nikarudia. Kwa kulala chali haitoki vizuri.

"Nyasi zote huinama," akasema. "Sawa. Mundu ni wako. Kuimba ni kwako. Kwenye mistari ile kimebaki nini kingine, Brandur? Nyasi. Mimi ni nyasi?"

Niliipitia mistari yangu mmoja baada ya mwingine, na kila mahali nilipotazama nilijikuta nimesimama mimi.

"Vina nilikuwa navyo," akasema. "Nilikuwa navyo vitatu, na cha tatu kingekuchoma mpaka Krismasi. Lakini ningemalizia ule ubeti, ningekuwa nimeinama mbele ya Hvammur yote na birika mkononi. Nimezika mume, nimelima, nimezalisha ng'ombe peke yangu kwenye theluji. Siinami."

Nikasema sikumaanisha hivyo. Akasema anajua, ndiyo maana alinijazia kikombe. Kisha akanitazama nilivyojikunja pale chini, na mdomo wake ukaanza kutetemeka.

"Na leo," akasema, "kainama nani?"

Nikacheka, na kucheka kuliniuma kuliko kuanguka. Yeye alicheka mpaka akafuta macho kwa ile soksi ya chupa. Nilimuuliza sasa alitaka nimtungie nini. Akasema hilo hanifundishi, si mimi ndiye fundi.

"Nitafutie tu nafasi ya kukaa humo," akasema. "Hata ndogo."

Akasimama, akachukua mundu wangu bila kuniomba, akaenda kukata zile safu zilizobaki. Mundu ule hajakata nao mtu mwingine tangu nilipouchonga mpini. Nilimtazama kwa pembe ya jicho. Anakata vizuri. Anakata karibu vizuri kama mimi. Nyasi zake zote ziliokoka, ila kipande kidogo cha kijitoni, hicho wamekula bata.

Ísleifur na Helgi walinipakia juu ya gari la nyasi kama kondoo mwenye mimba. Njia nzima Ísleifur hakuimba.

25 Agosti

Kitandani. Upepo umetulia. Ubeti wangu wa kwanza ulikuwa mzuri, hilo sibadili.

26 Agosti

Kitandani. Ulikuwa mzuri kama ubeti. Kama swali haukuwa mzuri.

27 Agosti

Nimetunga mpya, nikamsomea Gróa. Alikuwa anafuma soksi, hakuinua uso. Akasema, "Baba, umejitaja mara nne." Nikamwambia ni mistari miwili tu, mara nne zinaingiaje? Akazihesabu kwa sindano. Zimeingia.

28 Agosti

Nimejaribu kutunga bila kujitaja hata kidogo. Imekuwa habari ya ng'ombe.

29 Agosti

Ísleifur amekuja na chupa ya dawa ya kuchua farasi. Nikamwambia mimi si farasi. Akasema angekuwa anamchua farasi asingesumbuka kuvua buti mlangoni. Akanichua mwenyewe, kwa mikono mizito kama ile mashine yake, nami nikapiga kelele, akasema farasi wake wa kushoto huvumilia zaidi, yule anayechechemea.

Kisha akakaa. Akauliza, huku anatazama dirishani, kama mimi nilidhani yeye anamtaka Steinvör. Nikasema sikudhani kitu. Akasema anamkatia nyasi na yeye humlipa kwa soksi, basi, maana miguu yake hupata baridi tangu marehemu mkewe alipoacha kumfumia. Akaniinulia mguu wake nione. Soksi nzuri, kisigino mara mbili.

"Na kila nikipita," akasema, "ananiuliza habari za mgongo wako. Haniulizi za mashine, wakati mashine nayo iliumia."

Ísleifur si mtu mbaya. Anaongea sana, lakini ukimsikiliza akiwa amekaa ni tofauti na akiwa amesimama. Mistari yake ya dukani nilimwambia ukweli kwamba ilikaa sawa. Aliona haya kama msichana.

31 Agosti

Nimesimama. Nimetembea mpaka zizini. Skjalda amenitambua.

2 Septemba

Jua. Nyasi za mwisho zinakauka kila mahali. Jana kanisani Steinvör alimwambia Gróa kwamba Jumamosi, gari lake la mwisho la nyasi likishaingia bandani, wote waliookoa konde wakale kwake, kama desturi ilivyo. Nikauliza kama alinitaja kwa jina. Gróa akasema, "Alisema wote, baba." Nikauliza alisemaje hiyo wote, kwa sauti gani. Gróa akaenda kukamua.

5 Septemba

Nimepata. Ni mistari ya kawaida kabisa, hata Helgi angeitunga. Nimeisema mara moja tu, mbele ya dirisha, na haikunifanya nijisikie mkubwa. Nadhani ndiyo yenyewe.

7 Septemba, Jumamosi

Walitaka kunipeleka kwa gari. Nilikataa. Nilikwenda kwa miguu na fimbo, wao wakanifuata kwa gari polepole nyuma yangu njia nzima, kama mazishi, na Ísleifur juu yake akinipigia mluzi. Mundu wangu nilikuta Steinvör ameutundika ukutani kwa nje, umenolewa. Nilipitisha kidole. Umenolewa vizuri.

Wengine waliingia, wakaketi. Mimi nilibaki kizingitini. Meza ilikuwa imejaa: samaki wa kuokwa, viazi vipya, maziwa ya mgando na malai juu, na katikati sahani iliyofunikwa kitambaa. Steinvör alikuwa jikoni, uso mwekundu kwa moto, mikono ina unga. Akauliza kama nina mpango wa kuwaingizia mbu wote wa Hvammur.

Nikavua kofia. Sikupaza sauti. Watu wa kushuhudia walikuwa Gróa, Helgi na Ísleifur, na hao wanatosha, Ísleifur peke yake ni kijiji. Nikasema:

Mundu wangu umechoka,
mgongo nao wauma.

Sikumwambia malizia. Mtu anaposema malizia anakuwa ameshika kiboko, hilo nimelijua nikiwa chali.

Steinvör alifuta mikono kwenye aproni, kidole kimoja kimoja. Nilisikia birika likianza kuimba. Nilifikiria njia ya kurudi nyumbani na fimbo, na jinsi nitakavyopita dukani, na nikaona kwamba ningeweza kuistahimili, ila nisingependa. Kisha akainua uso, na wala hakufikiri, ilitoka kama kitu kilichokuwa kimekaa tayari rafuni:

Keki nimeshaioka,
kaa, usirudi nyuma.

Ísleifur alipiga meza mpaka viazi vikaruka. Gróa alikuwa analia na kucheka. Helgi aliinuka kunipa mkono, akakumbuka mgongo wangu, akanipa kidole. Mimi nilikwenda nikakaa pale aliponionyesha, kwenye kiti cha kichwa cha meza, na yeye akaketi kwenye kingine kama hicho hicho, upande wa pili. Vilikuwa viwili. Nimevitazama sana, havina tofauti.

Baada ya samaki akafunua sahani ya katikati. Keki ya tabaka saba, ya plamu na iliki. Hiyo hapa haiokwi ovyo. Ni ya Krismasi, ni ya Siku ya Agosti, na ni ya harusi. Akanikatia kipande cha kwanza. Nikauma nikiwa nimejiandaa kwa ubao, maana aliposema ameshaioka nilidhani ni ya asubuhi hii.

Ilikuwa laini. Iliyeyuka karibu bila kutafunwa.

Nikaacha kutafuna nikamtazama. Keki ya leo haiwi hivyo, wala ya juzi. Keki hii ilikuwa imefunikwa kitambaa mahali penye baridi tangu nilipokuwa bado kitandani nagombana na vina, kabla sijapata hata mstari mmoja. Nikamuuliza aliioka lini. Akabana donge la sukari kwa meno, akavuta kahawa polepole huku ananitazama, na Gróa akanipiga teke chini ya meza.

"Kula, Brandur," Steinvör akasema.

Nimekula vipande vitatu.

8 Septemba

Mvua ndogo. Kanisani nimekaa benchi la mbele. Kasisi atatangaza ndoa yetu Jumapili ijayo. Watoto wameanza kuimba ubeti mpya njiani, mistari yote minne, na wanauimba vizuri.

Steinvör anasema mstari wa tatu na wa nne ni mizuri kuliko wa kwanza na wa pili. Ni kweli. Naliandika hapa, na sitalisema mbele ya Ísleifur.